Kumtazama pweza Misali: kituo cha kuzamia kinachostahili pesa yako

Nimezamia na vituo kadhaa, Unguja na Pemba, na karibu vyote vina orodha yao ya vitu vya kukuonesha: kasa, mkunga, taa, na pweza bahati ikiwepo. Unapitishwa, unaoneshwa kwa kidole, unapiga picha, safari inasonga. Kituo hiki cha magharibi ya Pemba kina safari maalumu ya pweza, na kwenye mbizi hiyo hamzunguki. Linatafutwa tundu moja, mnatulia, mnamtazama mwenyewe mpaka geji ya hewa iseme basi. Mimi ni mwalimu wa bayolojia hapa Chake Chake na kwetu Kisiwa Panza tumelelewa kwa pesa ya pweza, na nasema wazi kwamba sijawahi kulipia huduma ya baharini iliyonifaa kuliko hii.

Mambo ya nchi kavu niyamalize haraka. Mkaazi analipa shilingi 180,000 kwa mbizi mbili, ndani yake vifaa, chakula cha mchana na ada ya hifadhi. Kwa mshahara wa skuli hiyo ni pesa ya kujipanga. Lazima uwe na cheti cha ngazi ya kwanza, kile kinachokuruhusu kushuka hadi mita 18, ingawa kwa pweza sisi hatukuzidi mita 10. Asiye na cheti wanampeleka mbizi ya majaribio na mwalimu wao, mwisho mita 12, ila si safari hii. Sababu waliyonipa ni ya haki: anayejifunza bado hupiga mapezi ovyo, mchanga unatimka, pweza anajifungia ndani na wenzako wote wamekosa.

Kwa akina dada: chumba cha kubadilishia nguo kipo na kinafungwa kwa ndani. Suti ndefu zipo, na hakuna aliyenishangaa nilipovaa kanzu fupi juu ya suti na kofia ya kuzamia juu ya ushungi wa kubana. Kwengine nimeshawahi kutazamwa kama kituko. Hapa yule baharia alinisaidia mtungi mgongoni, akanikagulia mikanda, akasema "Tayari, mwalimu," basi. Tatizo ni saizi. Suti za kike zilizopo nyingi ni za watu wembamba, na mwenzangu mnene kidogo alilazimika kuvaa ya kiume iliyomlegea kiunoni, maji baridi yakawa yanaingia kila akijigeuza. Mwenye kituo akisoma hapa anunue mbili tatu kubwa.

Maelezo ya kabla ya kuzamia yalitolewa kwa Kiswahili, kamili, si kwa kutupiwa maneno mawili baada ya wageni kumalizwa kwa Kiingereza. Tulikuwa wanne na kiongozi, na wanne ndiyo mwisho wao. Kiongozi mwenyewe ni kijana wa Makangale aliyeingia baharini akiwa mdogo kwa kumfuata babaake kuvua pweza, na hilo linaonekana. Alichora mwamba mchangani kwa kidole, akaonesha tutakaa wapi, mkondo utatoka wapi, nani atakuwa jirani na nani. Masharti yake: mita mbili kutoka tunduni, hakuna glavu, hakuna tochi, hakuna mwanga wa kamera, na hakuna mkono wa mtu kugusa kitu. "Leo sisi wageni," alisema. "Mgeni habishi hodi kwa fimbo."

Tuliondoka saa moja asubuhi. Wakati huo umechaguliwa kwa makusudi, kwa sababu pweza wa miamba yetu, ambaye wataalamu humwita *Octopus cyanea*, si wa usiku kama jamaa zake wengi. Huyu huwinda mchana, na mara nyingi utamkuta yumo kazini mapema asubuhi au jua likielekea kuzama. Ukimwendea saa sita utakuwa umelipia kutazama jiwe.

Mbizi ya kwanza ilikuwa magharibi ya kisiwa cha Misali, ndani ya kile kipande kisichovuliwa. Misali ni hifadhi tangu 1998, na tangu 2005 imo ndani ya eneo kubwa la hifadhi ya Mkondo wa Pemba, PECCA. Sehemu nyengine za kisiwa wavuvi wanaendelea na kazi zao, lakini hapo hapana kamba wala mkuki. Kiongozi anaamini ndiyo maana pweza wa pale wanavumilia macho ya watu. Pweza anayechokolewa kila bamvua hakusubiri umfikie.

Tulipofika chini sikumuona kiongozi akimtafuta pweza. Alikuwa akitafuta taka zake. Alikwenda taratibu juu ya kifusi cha matumbawe, akasimama penye magamba ya kaa na makombe yaliyotapanyika, akayaangalia bila ya kuyagusa. Makombe yalikuwa meupe ndani, hayajaota ukijani. Maana yake chakula kimeliwa karibuni na mlaji yu jirani. Hatua chache mbele palikuwa na mawe madogo yamepangwa mlangoni pa tundu, na hapo akatuonesha ishara ya kukaa. Tukatua kwenye mchanga nyuma ya mwamba uliokufa, mmoja mmoja, na kwenye kibao chake cha plastiki akaandika neno moja: SUBIRI.

Mwanzo nilichokiona ni jicho tu. Limeinuliwa juu kidogo ya ukingo wa tundu, mboni yake mstari mweusi uliolala. Pembeni yake mrija wa kupumulia ulikuwa ukifunguka na kufumba. Ngozi yote iliyobaki usingeitenga na tumbawe lililokuwa ubavuni mwake: rangi ileile ya kahawia yenye madoa, na vinundu vimesimama kama vya jiwe. Mamaangu mdogo, ambaye amechokoa pweza maisha yake yote, alikuwa akituambia utotoni, "Ukimkimbilia anakuwa jiwe, na jiwe halina mwenyewe." Sasa nilikuwa nimelala kifudifudi mbele ya jiwe lile na mwenyewe akinitazama.

Tulisubiri sana. Mwenzetu mmoja mwenye kamera alianza kujisogeza kwa viwiko, na kiongozi akamshika mtungi akamrudisha nyuma pole pole, bila ya ugomvi. Hilo tu kwangu linatosha kumpa nyota zake. Vituo vingi mteja mwenye kamera kubwa ndiye mfalme.

Kisha mkono mmoja ukatoka. Ulitangulia peke yake, ukapapasa jiwe la mlangoni, ukaingia kwenye ufa, ukatoka. Darasani huwa nafundisha kwamba pweza ana mioyo mitatu, kwamba damu yake ni ya buluu kwa sababu inabeba oksijeni kwa shaba badala ya chuma, na kwamba sehemu kubwa ya seli zake za neva, kiasi cha theluthi mbili, hazimo kichwani bali mikononi. Wanafunzi wanaandika, mimi nafuta ubao. Kuona mkono unaotafuta kwa akili yake, huku jicho limeelekea kwetu na halishughuliki nao, ni somo jengine. Vile vikombe vya mikononi havishiki tu, vinaonja pia. Kila alipogusa alikuwa akionja.

Akatoka mzima. Nilikisia ni wa kilo mbili hivi. Alipovuka kutoka kifusi kuja mchangani rangi ilibadilika kabla sijamaliza kuiona ya kwanza. Chini ya ngozi kuna vifuko vya rangi, kila kimoja kimezungukwa na misuli inayopokea amri moja kwa moja kutoka kwenye neva; misuli ikivuta, kifuko kinatanuka, rangi inajitokeza. Ndiyo maana haihitaji hata sekunde moja. Na jicho linaloongoza yote haya lina aina moja tu ya kipokea mwanga, ilhali letu sisi lina tatu za kutambulia rangi; yaani anaiga rangi ambazo, inavyoonekana, yeye mwenyewe hazitambui. Pale mchangani nilikumbuka jambo hilo, na moyo ulinienda mbio.

Halafu wakaja wenzake wa kuwinda. Kwanza samaki mkundaji mmoja, anapekua mchanga kwa zile ndevu zake za kidevuni, kisha wa pili, kisha chewa mdogo aliyejiweka pembeni bila ya kufanya chochote. Pweza akawa anakwenda nao. Wakundaji wakisimama juu ya tumbawe fulani, naye anafika. Akafika kwenye kichwa cha tumbawe kikubwa kuliko yeye, akakirukia, akatandaza mikono yote na utando ulio baina yake, akakifunika chote kama kanga iliyotupwa juu ya kapu. Papo hapo akawa mweupe. Chini ya ule weupe ungeona ncha za mikono zikiingia kwenye matundu yote kwa pamoja, na vijisamaki na vijikaa vilivyokuwa vimejificha vikakimbilia nje, ambako wakundaji walikuwa wakingoja. Wa ndani ni wake, wa nje ni wao.

Chewa yule hakutafuta wala hakufukuza kitu. Alikuwa akinyemelea makombo. Pweza alipoinuka kutoka tumbawe la pili, mkono mmoja ukaruka ghafla ukampiga chewa ubavuni. Si kumshika, kumpiga. Chewa akatoka mbio, akarudi kwa mbali. Nilipiga kelele ndani ya regulata, kile kifaa cha kupumulia mdomoni, na mwenzangu alinishika bega akidhani nimepata tatizo. Jambo hili limeandikwa kitaalamu: mwaka 2020 Eduardo Sampaio na wenzake walichapisha matukio ya pweza wa aina hiihii akiwapiga samaki ngumi huko Bahari ya Shamu, na mwaka 2024 wakaonesha namna makundi hayo yanavyofanya kazi, kwamba samaki, hasa wakundaji, ndio wanaopeleleza njia, pweza ndiye anayeamua kama msafara uondoke na lini, na wanaosubiri kula jasho la wengine ndio wanaopata kipigo. Nilikuwa nimesoma. Sikutarajia kukuta mambo hayo chini ya maji ya Misali, mwendo mfupi wa boti kutoka nyumbani kwangu.

Kabla ya kurudi tunduni alifanya jambo jengine ambalo kiongozi alilijua na sisi hatukulijua. Kivuli kikapita mwilini mwake, kutoka kichwani kikashuka mpaka mikononi, kikapita tena, na jua lilikuwa wazi, hakuna wingu wala boti juu yetu. Ni yeye mwenyewe aliyekuwa akikifanya kwa ngozi. Aliporudi nyumbani alivuta jiwe moja kwa mkono, akaliweka mlangoni, likabaki jicho.

Mbizi ya pili ilikuwa fupi, na kilichonibakia humo ni pale ambapo hatukusimama. Kiongozi alifika kwenye tundu lililozibwa kwa mawe karibu lote, akaangalia chini mlangoni, akageuka haraka akaandika: MAMA. TUPITE. Tulipita mbali. Juu botini alinieleza kuwa mlango uliozibwa hivyo na kutokuwapo hata gamba moja la karibuni nje yake ni alama kwamba mwenyewe halii tena. Pweza jike hutaga mara moja tu maishani. Anayatundika mayai ndani, maelfu kwa maelfu, anayapulizia maji na kuyasafisha mpaka yaanguliwe, haendi kuwinda, na yakishaanguliwa naye anakufa. Kiongozi ambaye ana wateja wanne waliolipa kuona pweza, akakuta pweza, akaamua wasimuone, huyo ni mtu wa kumpa mwanao akazamie naye.

Nalilinganisha na niliyoyaona kwengine. Kampuni moja niliyowahi kutoka nayo, siitaji na si ya hapa Pemba, kiongozi wao alibeba kijiti cha chuma. Alimchokoa pweza mpaka akatoka, akamkamata, akampitisha kwa wateja mkono kwa mkono ili kila mmoja apigwe picha naye. Pweza alitoa wino, akatoa tena, akawa mweupe, akashikilia glavu ya mtu kwa nguvu zote. Walipomwachia alikwenda bila ya kuelekea popote. Watu walifurahi na wakatoa bakshishi nene. Mimi sikuona tabia yoyote ya pweza siku ile. Niliona kiumbe anayepigania roho yake, na hilo hata sokoni naliona. Pweza aliyetolewa tunduni kwa nguvu mchana kweupe, wino umekwisha, ni chakula cha mkunga au chewa mkubwa kabla boti haijang'oa nanga. Ukitaka kujua kituo cha kuzamia ni cha namna gani, mtazame kiongozi wao mkononi amebeba nini.

Sisemi haya kwa kuwabeza wanaochokoa. Nimekula pweza wa nazi kwa mihogo na nitaendelea kumla. Mama zetu wanaokwenda mwambani maji yakipwa wanajua tundu lipi lina mtu na lipi limehamwa, na kijiti chao kinasomesha watoto. Na ni wao haohao walio tayari kungoja. Kisiwa Panza, kwa msaada wa shirika la Mwambao, wanakijiji walikubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi mitatu ili pweza akue. Pweza huyu haishi sana, mwaka na kidogo tu, lakini anakua kwa kasi ya ajabu, kwa hivyo miezi mitatu kwake ni umri mkubwa: aliyekuwa mdogo siku ya kufunga anakuwa na uzito wa kweli siku ya kufungua, na jike linapata nafasi ya kutaga. Nilimweleza mama mdogo kuhusu yule aliyeziba mlango Misali. Aliuliza mawe yalikuwa mangapi, na ya ukubwa gani, akanyamaza akifikiri. Kwa miaka yote hiyo yeye humuona pweza kwa juu, kwenye maji ya magotini, na mwisho wake ni kapuni. Naamini wanawake kama yeye ndio wangestahili kupelekwa wa mwanzo kumuona anavyoishi akiwa hana anayemfukuza.

Dosari nyengine za kituo. Turubai la botini halifiki nyuma, kwa hivyo wanaokaa upande wa injini wanapigwa jua na moshi. Nenda na kofia, na ukiwa mwepesi wa kichefuchefu wahi mbele. Chakula kilikuwa wali wa nazi na changu wa kukaanga, kitamu, ila chai ilikuwa imeshapoa, na baada ya saa nzima majini mtu anataka chai ya moto. Gari ya kutuchukua mjini ilichelewa, na kwa safari ambayo yote inategemea kuwahi asubuhi hilo si la kupuuzwa. Vifaa vyenyewe sina neno: regulata haikuvuja, geji zote zilifanya kazi, na oksijeni ya dharura ilikuwamo botini, tulioneshwa ilipo kabla ya kuondoka.

Kuhusu msimu, upande wa magharibi kisiwa chenyewe kinaukinga dhidi ya kusi, kwa hivyo hata miezi ambayo mashariki pamechafuka huku mnaweza kutoka. Kaskazi maji yanakuwa maangavu zaidi. Waulize mapema kuhusu bamvua, maana mkondo baina ya visiwa vyetu si wa kuchezea, na wao huahirisha bila ya kubishana na mteja ukiwa mkali. Pesa wanairejesha au wanakupangia siku nyengine, chaguo lako. Na ukitoka mbizi mbili usipange ndege ya kwenda Unguja siku hiyohiyo. Acha zipite saa 18 angalau, au panda boti.

Ombi langu kwao nimelisema mdomoni na nalirudia hapa. Waanzishe siku ya skuli, hata mara moja kwa muhula, kwa snokeli tu, kwenye maji ya mita mbili tatu ambako pweza wapo tele. Wanafunzi wangu wanamchora pweza kwa kumkopi kutoka kitabuni na wamezaliwa juu ya mwamba wake. Mwenye kituo alisema analifikiria, shida ni makoti ya kuelea ya saizi za watoto. Mzazi au taasisi yenye uwezo wa kuchangia hayo aende ofisini kwao amuulize yeye mwenyewe, au anitafute mimi skuli, saa za mapumziko.